Kilo Kumi za Kadi ya Bluu

Abti alipopewa ile kadi hakuiweka mfukoni. Aliishika mkononi njia nzima kutoka mjini mpaka kwetu Kiwanjani, na kila aliyemsalimia alijibiwa kwa mkono wenye kadi. Abti ni ndugu ya mama yangu. Anauza nguo na dawa za mifugo, na soko lake kubwa liko Wajir. Kwa vile barabara ya huko ni ya kungojea msafara wa polisi, na mvua ikinyesha hata msafara hauendi, alishazoea kusafiri kwa ile ndege ndogo inayotua hapa kwetu Jumanne na Jumamosi. Alisafiri sana mpaka kampuni ikaanza kumjua. Halafu wakaleta mtindo mpya: msafiri anayerudirudi anapewa kadi. Ya bluu ni ya kwanza. Juu yake kuna ya fedha, na juu kabisa ya dhahabu.

Alitusomea sebuleni kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Moja, nabeba kilo kumi zaidi ya mtu wa kawaida. Mbili, ndege ikijaa, jina langu linasomwa kabla ya jina la mtu hana kadi. Tatu, begi langu linafungwa utepe wa bluu, na tukifika linashushwa mapema." Akageuza kadi. "Nne, soda."

"Soda gani?" aliuliza Akko.

"Yoyote. Bure. Nikingojea ndege."

"Ya baridi?"

"Mama, pale kwa banda hakuna friji."

"Basi ni soda tu," alisema Akko, akaendelea kuchagua mchele.

Akko ni nyanya yangu, mama yake Abti. Ndiye aliyetulea mimi na dada yangu, kwa sababu mama alifariki akijifungua, mimi nikiwa darasa la pili, na baba ni dereva wa lori tunayemwona akipita. Akko alizaliwa upande wa Korbesa, Mborana kabisa, akaolewa mjini na babu, Msomali ambaye baba yake alifika Isiolo na jeshi la Mwingereza. Kwa hiyo nyumbani kwetu maneno yanachanganyika: mjomba tunamwita Abti kwa Kisomali, nyanya tunamwita Akko kwa Kiborana, na tukigombana tunagombana kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe.

Akko ndiye aliyetufanya tuielewe ile kadi.

"Hiyo ni zamu ya kisima," alisema. "Mnafikiria kampuni imeanzisha kitu?"

Akatueleza. Kisimani kwao kuna mzee wa kugawa zamu. Waliochimba wananywesha kwanza, halafu ndugu zao, halafu wakwe, na mwisho mgeni. Watu hawapigani, kwa sababu kila mmoja anajua mahali pake.

"Wenye dhahabu ndio walichimba. Wa fedha ni ndugu. Wewe, bluu, ni mkwe."

"Na asiye na kadi?" Abti aliuliza. Nilimwona amefurahi kuwa mkwe.

"Mgeni. Naye atakunywa. Lakini jua litazunguka kwanza."

Hapo ndipo kosa letu lilipoingilia. Kisimani zamu haiwi ya mtu mmoja, ni ya boma. Ukiwa na zamu, ng'ombe wa shangazi yako wanaingia humo, na wa jirani, na yule mbuzi kilema wa mtu aliyekuombea dua mwaka jana. Akko alipowaelezea majirani kwamba mwanawe amepata zamu, mtaa mzima ukachukulia kwamba zile kilo kumi ni za mtaa. Hakuna aliyeuliza. Wiki ya kwanza walileta vifurushi viwili. Ya pili, ua ulijaa akina mama tangu asubuhi: nyirinyiri, ile nyama ya kukaangwa na kuhifadhiwa kwa mafuta, ya kijana aliye polisi Wajir, shuka za binti aliyeolewa huko, viatu vya mtoto wa mtu, uvumba, tende, sufuria.

"Kilo kumi za kampuni zimekuwa ghala," Abti alilalamika. Lakini hakurudisha hata kifurushi kimoja. Nadhani alipenda. Kabla ya kadi alikuwa mchuuzi wa nguo. Sasa akipita, watu wanamwuliza, "Jumamosi unaenda? Niwekee nusu kilo."

Kazi ya kupima alinipa mimi. Alisema ni kwa sababu nimesoma, niko kidato cha tatu. Sababu ya kweli ni kwamba mimi ni mkimya, na alifikiri mtu mkimya hagombani na wateja. Hakujua kwamba mtu mkimya pia hawezi kusema hapana. Mama mmoja ananing'iniza mzigo wake kwenye mizani ya mkono, mshale unapita pale unapotakiwa, ananiambia, "Intala, msichana wangu, ni kidogo tu, wewe ni mtoto mzuri," nami naangalia vidole vyangu vya miguu na kuupokea. Abti akifika kwenye mizani ya kiwanjani, inakuwa juu yake kutoa vitu vyake mwenyewe ili vya watu vipite. Siku moja alienda Wajir bila nguo za kubadilisha.

Niseme wazi jinsi nilivyo, kwa sababu bila hilo haya mengine hayana maana. Darasani mwalimu akiuliza swali, jibu ninalo. Linakuja mpaka kwenye meno, linasimama hapo. Mwingine analisema, anapigiwa makofi, nami jioni naliandika kwenye daftari langu. Kwa muda mrefu daftari hilo lilikuwa la majibu niliyochelewa kuyasema. Lilikuwa nene, la jalada gumu, na nililiandika kila siku. Dada yangu peke yake ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba yangu. "Huyu hataki chai ya maziwa." "Huyu anaumwa na jino." Alinisoma usoni kama ubao. Halafu akaolewa na karani wa idara ya maji, akahamia Wajir, na nikabaki bila msemaji.

Msimu wa mvua ndefu alikuwa karibu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Siku moja karani wa ofisi ya maji hapa Isiolo alitujia na baiskeli: tunaitwa kwenye simu ya upepo. Mimi na Akko tulienda mbio. Ofisini kulikuwa na wanaume wanne wakinywa chai, na hakuna hata mmoja aliyetoka. Karani akanipa kile kidude cha kuongelea.

Sauti ya dada ilitoka ikikwaruza kama inatoka ndani ya debe. "Ni wewe? Ova."

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Hawezi kukuona ukitikisa kichwa," alisema karani. "Sema. Halafu sema ova."

"Ni mimi," nilisema.

"Ova!"

"Ova."

"Daktari anasema ni wiki hii au ijayo," alisema dada. "Uje. Nataka wewe ndiyo unishike mkono. Naogopa. Usimwambie Akko kama naogopa. Ova."

Akko alikuwa amesimama hapo hapo, sikio karibu kabisa na mashine. Aligeuka akatazama ukuta, akaanza kujifunga mtandio upya ingawa ulikuwa umefungwa vizuri. Wale wanaume wakaangalia chai yao. Sote tulijua mama yetu alivyokufa. Isiolo ni ndogo.

"Nitakuja," nilisema. "Ova."

Ilikuwa ahadi ya kwanza niliyoitoa kwa sauti mbele ya watu.

Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo hapo hakukuwa na shida. Shida ilikuwa njia. Malori yalikuwa yamekwama kwenye matope ng'ambo ya Modogashe na laga, ile mito ya msimu, zilikuwa zimefurika. Akko magoti yake hayapandi ngazi ya ndege. Ikabaki mimi, na mimi sikuweza kwenda peke yangu, kwa sababu Akko alisema msichana wa nyumba yake hasafiri na wanaume asiowajua bila mahram, ndugu wa kiume wa kumsindikiza, iwe kwa lori au kwa mabawa. Bahati nzuri Abti alikuwa anaenda Jumamosi. Alinitafutia kiti. Ajenti wa kampuni, kijana wa Kimeru anayevaa tai hata jua liwe vipi, alisema kimebaki kimoja, nacho ni cha mwisho.

"Cha mwisho ni kiti," alisema Abti. "Kinaenda Wajir kama vingine."

Ijumaa watu walijaa uani kuliko wiki zote, maana na wao walijua barabara imefungwa. Nilipima, nikapokea, nikapima. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mama anayeuza maziwa pale stendi, ambaye ulimi wake unaogopwa mpaka na polisi wa trafiki, alileta kifurushi kidogo alichokifunga kwa kitambaa cha kijani.

"Ni dawa ya pumu ya mwanangu aliye Wajir," alinieleza. "Usiweke chini ya sufuria za watu. Unasikia? Ama pia masikio umeyafunga kama mdomo?"

Nilisikia. Nilikiweka juu.

Usiku wa Ijumaa mvua ilinyesha, na asubuhi anga lilikuwa safi. Nyumba yetu iko karibu sana na kiwanja, hata kufukuza mbuzi kwenye njia ya ndege huwa ni kazi yetu tuliozaliwa mtaa huu. Tulitembea mpaka bandani, Abti mbele na soda yake ya bure, mimi nyuma na begi, Akko nyuma yangu na kopo la samli alilokuwa akilitengeneza tangu aliposikia dada ana mimba. Nyuma ya Akko walikuja akina mama wenye vifurushi. Kila Jumamosi huja kuhakikisha mizigo yao imepanda.

Ndege ilitua ikirusha matope. Rubani alishuka, akatembea mpaka katikati ya njia, akaikanyaga ardhi kwa kisigino hapa na pale, kisha akarudi akitikisa kichwa.

"Imelowa," alimwambia ajenti. "Itanivuta. Nataka kilo thelathini na tano zibaki chini, la sivyo nitaenda kukata ile miti ya mwisho wa njia kwa magurudumu."

"Barua na vitu vya hospitali?"

"Hivyo haviguswi. Chagua kwingine."

Kwa ndege hii kila msafiri anapimwa na begi lake, kwenye mizani kubwa ya magunia. Ajenti alitazama karatasi yake, akatutazama. Alianza kusema kwa heshima nyingi, na mtu akianza hivyo unajua ni wewe.

"Mzee, sheria tunafuata kadi. Kuna mkubwa wa dhahabu, kuna wawili wa fedha, kuna wewe wa bluu. Wengine hawana kadi, lakini waliandikwa mapema. Aliyeandikwa mwisho ni huyu binti. Yeye na begi yake wanatosha. Ataenda Jumanne."

Mimi nikawa yule mgeni wa kisimani.

"Jumanne ni mbali," alisema Abti. "Basi mimi nibaki, yeye aende."

"Na nani?" Akko alidakia. "Na huyu wa tai? Hapana. Mnaenda wawili ama hamna anayeenda."

"Mama, sasa si wakati wa..."

"Nimesema."

Watu wanapomwona Akko wanadhani ni mzee mpole. Abti akanywa soda. Halafu nikaona amepata wazo, kwa sababu alitoa ile kadi na kuigeuza.

"Kijana. Soma hapa nyuma. Kilo kumi za ziada ni za nani?"

"Za mwenye kadi."

"Abebe nini?"

Ajenti alisoma. "Mzigo wowote halali, apendavyo."

"Kilo zangu za kawaida pia ni zangu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi nashusha nguo zangu zote. Nashusha zile kumi. Badala yake nabeba huyu." Akanisukuma mbele kwa bega. "Ni halali. Nina ushahidi wa mama mzazi wa mama yake."

Wasafiri walicheka. Hata yule mkubwa wa kadi ya dhahabu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti pekee cha banda, alitabasamu kidogo.

"Huo ni mzigo wenye miguu," alisema ajenti.

"Kilo ni kilo," alisema rubani. "Mimi sipimi miguu. Mfanye haraka kabla jua halijapanda."

Robota la nguo za Abti lilishuka kwanza. Begi langu likafuata, na nguo zangu zote. Kisha Abti aligeukia gunia la vifurushi vya mtaa, akaliwekea mkono, akasimama.

Nilielewa kwa nini. Vile vifurushi havikuwa vyake. Aliahidi. Wenyewe walikuwa wamejipanga kwenye ua wa miba wa kiwanja, wakitutazama, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesikia tulichosema kwa sababu ya kelele za injini.

"Waulize," aliniambia.

"Mimi?"

"Mimi niliwaambia nitabeba. Sina mdomo wa kuwaambia sibebi. Wewe ndiyo una shida. Enda uwaambie shida yako."

Nilimtazama Akko. Nilitaka aseme yeye, kwa ile sauti iliyomnyamazisha Abti. Alikuwa ameketi juu ya kopo la samli akiangalia upande mwingine, kama alivyoangalia ukuta siku ile ya simu.

Nikaenda. Sijui nilitembeaje. Nakumbuka matope yakinivuta kandambili na nikifikiri kwamba kama rubani anasema ardhi inamvuta yeye, basi na mimi inaruhusiwa kunivuta. Nilifika uani. Jibu lilikuja mpaka kwenye meno likasimama, mahali pake palepale. Akina mama wakanitazama.

"Kuna nini?" aliuliza mama wa maziwa. "Ndege imekufa?"

Nilisema, "Dada yangu anajifungua."

Nadhani nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

"Wiki hii. Na ndege imezidi uzito, nami ndiye wa mwisho. Nikibaki nitakwenda Jumanne, na Jumanne naweza kumkuta ameshajifungua peke yake. Naomba kilo zenu. Zote. Mizigo yenu itakuja Jumanne badala yangu. Mnajua mama yetu... mnajua. Nilimwambia dada nitakuja. Nilisema kwenye simu."

"Kumbe anaongea!" alisema mmoja.

"Miaka yote nilifikiri ni bubu, nikawa namwombea!"

Walicheka, lakini walikuwa wameshaanza kusogea. Mama wa polisi aliingia bandani akatoa nyirinyiri yake mwenyewe. "Serikali inamlisha. Hatakufa." Mwenye shuka akatoa shuka. "Aliolewa zamani, amelalia nini mpaka leo?" Sufuria ikatoka, tende zikatoka, viatu vikatoka, kila kitu na utani wake, na gunia likawa linalegea. Mmoja alinibusu kichwani. Niliona aibu kubwa lakini haikuwa ile aibu ninayoijua. Hii haikunifunga kitu.

Mama wa maziwa hakusogea.

"Na mwanangu?" aliniuliza. Safari hii hakufoka, na hilo liliniogopesha zaidi. "Wewe una dada. Mimi nina mtoto anakosa pumzi usiku. Dawa yake iliisha Jumatano. Jumanne ni mbali kwako tu?"

Alikuwa na haki. Kwa mara ya kwanza sikungoja mtu mwingine anisemee, nikajibu lililokuwa kweli.

"Dawa haishuki, Mama. Nitaibeba mimi mwenyewe, mkononi."

"Na uzito?"

"Nitatoa kitu kingine."

Nilirudi bandani. Ajenti alihesabu vilivyobaki chini, akatazama mizani, akasema bado. Akko alisimama. Alilitazama lile kopo la samli, aliyoichemsha kwa mikono yake na kuitia viungo vya mama mzazi, akalisogeza kando kwa mguu.

"Samli haiwezi kumshika mtu mkono," alisema.

"Bado kidogo," alisema ajenti. "Na hii dawa tena."

Abti alivua koti. Akavua viatu, vile vyake vizito vya ngozi vya kuonyesha watu wa Wajir, akavipanga juu ya robota la nguo, akabaki na soksi, moja ikiwa na tundu kwenye kidole gumba.

"Mzee, sasa umebaki na kadi tu," mtu alimtania.

"Kadi haina uzito," alijibu Abti. "Ndiyo uzuri wake."

Ilibaki kidogo sana, kama mkate mmoja. Nilijua ni nini. Nililitoa daftari langu kutoka chini ya nguo yangu, nilikokuwa nimelificha begi liliposhushwa. Miaka mitatu ya majibu. Nilimpa Akko. Sikuogopa kwamba atalisoma, kwa sababu Akko hajui kusoma, na ni mtu peke yake mtaani ambaye ningeweza kumpa. Alilipima mkononi.

"Hii yote ni maneno?"

"Ndiyo, Akko."

"Mazito hivi, na wewe huongei?"

Ajenti akaandika, rubani akainua kidole gumba. Majina yakasomwa kwa mpangilio wao: dhahabu, fedha, Abti na soksi zake. Utepe wa bluu ulikuwa bado mkononi mwa ajenti, na begi la kuufunga halikuwepo. Aliangalia huku na huku, kisha akaufunga kwenye kifundo cha mkono wangu.

"Wewe ndiye mzigo wake," alisema. "Safari njema."

Ndani ya ndege nilikaa kiti cha nyuma kabisa, dawa mapajani. Ilikimbia, ikavutwa, ikakimbia tena, na mwisho wa njia ukatujia na ile miti yake. Abti alifumba macho, na midomo yake ilikuwa ikienda mbio kwa dua. Mimi sikufumba. Niliona Kiwanjani ikigeuka ndogo: mabati yetu, akina mama kwenye ua wakiwa wamebeba vifurushi vyao vichwani wakirudi nyumbani, na Akko amekaa peke yake juu ya robota la nguo akilinda viatu vya mwanawe.

Wajir, mlango ulipofunguliwa, kijana wa kushusha mizigo alipaza sauti, "Utepe wa bluu kwanza!" Akachungulia akitafuta begi. Abti akauinua mkono wangu juu. Kijana alicheka mpaka akashika kiuno, halafu akanishusha mimi mbele ya wote, mbele hata ya sanduku la yule mwenye dhahabu. Nafikiri hiyo ndiyo faida kubwa ambayo kadi ya bluu imewahi kumpa mtu.

Dada alikuwa amesimama kivulini, tumbo limemtangulia. Alimtazama Abti miguuni. Alinitazama mikononi, sina ila kile kifurushi cha kijani cha dawa.

"Akko amenitumia nini?"

"Mimi," nilisema.

"Na nini tena?"

"Basi."

Alianza kucheka, akalia, akacheka tena, na kila mara akijaribu kuniuliza jambo nilikuwa nimeshalijibu. Dawa ya pumu niliipeleka jioni ile ile. Kijana aliipokea akauliza mama yake alisema nini, nikamwambia kila kitu, pamoja na yale ya masikio.

Mtoto alizaliwa Jumatatu mchana. Mkunga wa hospitali alitoka mlangoni akauliza ni nani ataingia na mama, na ukumbini kulikuwa na shemeji za dada na majirani na wanawake wakubwa kuliko mimi, kila mmoja akingoja mwingine aanze. "Mimi," nilisema. Dada aliubana mkono wangu mpaka ule utepe ukaniachia alama. Hakuogopa peke yake. Wote wawili wako salama, msichana ana sauti ambayo haikutoka kwangu.

Jumanne ndege ilileta kila kitu: nyirinyiri, shuka, sufuria, samli, nguo za Abti na viatu vyake. Daftari halikuja. Akko alimwambia ajenti kwamba hilo linabaki nyumbani, ni zito, na kwamba mwenyewe atarudi kulichukua.

Basi haya nimeyaandika kwenye daftari jipya, jembamba, nililonunua duka la karibu na hospitali. Dada amenitazama nikiandika akauliza kwa nini safari hii nimechagua jembamba hivyo. Sijamjibu bado. Mtoto analia, na ni zamu yangu.